Umehama Windows, na diski yako ya nje je? NTFS, exFAT na ext4 zikilinganishwa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga rasmi huduma ya kawaida kwa Windows 10, na tangu hapo swali la kuhama halikubaki la wapenda kompyuta peke yao. Laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue, zile HP EliteBook 840 G3 na ThinkPad T460 zilizowahi kufanya kazi maofisini ng'ambo, zina prosesa za Intel za kizazi cha 6. Orodha rasmi ya Windows 11 inaanzia kizazi cha 8, ukiacha prosesa chache, na inataka pia TPM 2.0, chipu ya usalama. Mashine yenyewe bado nzima, kibodi imara, RAM inaongezeka. Kuitupa ni hasara tupu. Kwa hiyo kuna wanaoweka Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure ya Linux inayochukua nafasi ya Windows, na wenye nafasi kidogo wananunua MacBook iliyotumika.

Kompyuta inabadilika kwa siku moja. Diski ya nje haibadiliki. Ile terabaiti moja yenye picha za harusi, tasnifu, hesabu za duka na kaswida za miaka yote imebaki katika mpangilio uleule iliokuwa nao ulipokuwa Windows. Mpangilio huo, mfumo wa mafaili, ndio unaoamua kompyuta gani itaisoma, ipi itaandika juu yake, na nini kitatokea waya ukichomoka katikati ya kazi. Diski nyingi za ukubwa huo hutoka kiwandani zikiwa na NTFS au exFAT.

Uiache kama ilivyo, au uifomati upya? Ushauri unaosambaa kuliko wote ni "weka exFAT, inafunguka popote." Siupingi kwa kila mtu, lakini kwa aliyehamia Linux naona unatolewa kwa haraka mno. Kigezo changu ni kingine: usitazame kompyuta unayomiliki, tazama diski hiyo itachomekwa wapi kwingine, na ikiharibika itatengenezwa kwa kutumia nini.

Kabla hujaifuta Windows

Kuna kazi ambazo Windows pekee huzifanya kwa urahisi, na ukishaifuta utaanza kuhangaika kutafuta mashine ya kuazima.

Anza na kufuli. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data kwa usimbaji (encryption), ondoa usimbaji kabisa, au angalau andika karatasini ule ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Linux inaweza kufungua diski ya BitLocker. Programu ya cryptsetup imeweza tangu toleo la 2.3.0 la mwaka 2020. Lakini bila nywila wala ufunguo hakuna fundi atakayekuokoa, na macOS kwa vifaa vyake yenyewe haiifungui kamwe. Hatari iliyojificha zaidi ni EFS, usimbaji wa faili mojamoja uliomo katika Windows Pro, toleo ambalo laptopu nyingi za maofisini huja nalo. Faili la namna hiyo huonekana na alama ndogo ya kufuli. Ufunguo wake umo ndani ya akaunti yako ya Windows, kwa hiyo ukiifuta Windows bila kuutoa, faili litabaki pale pale kwenye diski ya nje, jina lake unaliona, na halitasomeka tena. Bofya kulia juu ya folda, ingia Properties, kisha Advanced, uondoe alama ya usimbaji hapo.

Halafu pima afya. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `chkdsk E: /f` (E ikiwa ndiyo herufi ya diski yako) na uiache imalize. Usiharakishe hatua hii. Kwenye Linux kuna ntfsfix, lakini hiyo husawazisha makosa machache tu na kuiachia Windows ukarabati wenyewe.

Jambo lingine ni Fast Startup. Windows 10 ukiizima kwa kawaida haifungi kila kitu, bali huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwake haraka kesho. Diski iliyobaki imechomekwa wakati huo inaweza kuachwa na alama kwamba bado inatumika. Linux ikiikuta alama hiyo itaifungua kwa kusoma tu, au itakataa kabisa, na mwenye diski ataamini imekufa. Haijakufa. Itoe kwa njia salama kabla ya kuzima kompyuta, au zima kipengele hicho kwa amri `powercfg /h off`. Hata kuchagua Restart badala ya Shut down kunatosha, kwa kuwa Restart hufunga kila kitu.

Na siku ya kusakinisha Linux, chomoa diski ya nje uiweke mbali. Kisakinishi huorodhesha diski kwa majina kama sda na sdb yanayokaribiana mno, na chaguo la kufuta diski nzima halina kurudi nyuma.

NTFS na exFAT kwa aliyehamia Linux

Tuanze na kufunguka, kwa sababu hapo ndipo hofu ilipo. Linux Mint na Ubuntu husoma na kuandika NTFS bila kuongeza chochote. Kazi hiyo ilibebwa kwa miaka mingi na programu ya NTFS-3G, na tangu toleo la 5.15 la mwaka 2021 kiini (kernel) cha Linux kina kiendeshi (driver) chake cha NTFS. exFAT nayo iliingia kwenye kiini: Microsoft ilichapisha maelezo yake ya kiufundi mwaka 2019, na toleo la 5.7 la mwaka 2020 likaja na kiendeshi kilichochangiwa na Samsung. Kwa hiyo kwenye Linux ya leo zote mbili ukizichomeka zinafunguka. Kwenye Windows ya steshenari, ya ofisini na ya ndugu yako, zote mbili zinafunguka pia. Kwa kompyuta, tofauti ya kweli katika kufunguka ni Mac pekee: NTFS inasomeka tu, exFAT inasomeka na kuandikika. Kama hakuna Mac katika maisha yako, hoja kubwa ya exFAT imeshapungua uzito.

Sasa fikiria waya unaolegea au umeme unaokatika diski ikiwa inaandika. NTFS, iliyotoka mwaka 1993 pamoja na Windows NT, hufanya kama mwenye duka anayeandika kwenye daftari kabla ya kutoa mzigo: mabadiliko ya mpangilio huandikwa kwanza kwenye kumbukumbu maalumu, ndipo yatekelezwe. Kazi ikikatika, mfumo husoma kumbukumbu hiyo na kurudisha mpangilio katika hali inayoeleweka. Faili lililokuwa linanakiliwa linaweza kupotea. Folda zilizokuwa salama zinabaki salama. exFAT haina kumbukumbu hiyo. Ilibuniwa mwaka 2006 kwa ajili ya flashi na kadi za kamera, ambako wepesi ulikuwa muhimu kuliko kujilinda, na hadi leo kadi za SDXC huja nayo. Waya ukichomoka wakati exFAT inasasisha orodha yake, kinachoweza kuharibika si faili moja tu, ni folda nzima.

Kwa mwenye kompyuta ya mezani yenye UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, hili ni jambo la mbali. Kwa mtu asiye na UPS mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, au mwenye tundu la USB lililolegea kwa uzee, hili ndilo jambo la kwanza. Ndiyo maana nasema: diski kubwa yenye mafaili ya miaka, inayozunguka kati ya Linux na Windows, iache na NTFS yake.

exFAT inashinda katika ukarabati, na ni haki kulisema. Linux ina fsck.exfat, ambayo hukagua na kurekebisha exFAT bila kuhitaji Windows. NTFS ikichafuka vibaya, dawa ya uhakika bado ni chkdsk, nayo inataka Windows. Kama jirani au ofisi ina mashine ya Windows, huo si mzigo. Kama umehama wewe, ofisi yako na nyumba yako yote, basi NTFS inakuwa kitu usichoweza kukitengeneza mwenyewe, na hapo sababu ya kubaki nayo inaisha.

Kuna upotevu wa nafasi ambao haujadiliwi vya kutosha. Kila mfumo hugawa diski katika vipande, na faili hata likiwa dogo hupewa angalau kipande kimoja. Windows ikifomati diski kubwa kuliko GB 32 kwa exFAT, kipimo chake cha kawaida ni KB 128 kwa kipande. NTFS hutumia KB 4. Video na picha hazijali. Lakini chukua folda za mwanafunzi wa programu, au hifadhi ya tovuti, yenye mafaili 100,000 ya KB 2 kila moja: data yenyewe ni kama MB 200, kwenye NTFS itachukua karibu MB 400, kwenye exFAT itafika karibu GB 12.8. Ukilazimika kutumia exFAT kwa kazi ya namna hiyo, yafunge mafaili hayo kwanza katika faili moja la zip au tar.

Majina ya mafaili yanastahili tahadhari kidogo. Windows haikubali alama kama nukta pacha, kiulizo na nyota ndani ya jina, Linux inazikubali. Faili ulilolipa jina "Bajeti: 2026?" ukiwa Linux linaweza kukwama siku utakapolipeleka Windows. Zoea majina ya herufi, tarakimu na vistari tu.

ext4: ya nyumbani, isiyosafiri

ext4 ndiyo lugha ya kuzaliwa ya Linux, imetulia tangu mwaka 2008. Ina kumbukumbu ya kujilinda kama NTFS, na kifaa chake cha ukarabati, e2fsck, kimo ndani ya kila Linux. Zaidi ya hapo, inahifadhi ruhusa na umiliki wa mafaili kwa namna Linux inavyovijua, jambo ambalo NTFS na exFAT hazilifanyi vizuri. Kama unataka kutumia Timeshift, programu inayokuja na Linux Mint kwa ajili ya kurudisha mfumo nyuma ukiharibika, diski ya kupokea nakala hizo lazima iwe na mfumo wa Linux kama ext4. Haitakubali NTFS wala exFAT.

Lakini diski ya ext4 usiipeleke steshenari. Windows haiisomi. Wakati mwingine haitaonyesha kitu chochote, na wakati mwingine italeta ujumbe kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Kijana wa dukani mwenye foleni ya wateja akibofya kukubali, tasnifu yako imeondoka. Mtu mwenye ujuzi anaweza kuifungua ndani ya Windows 11 kwa amri ya `wsl --mount`, ila hilo haliwezi kuwa tegemeo lako unapotaka kurasa kumi zichapishwe kabla ya saa nne.

Hata kati ya Linux na Linux kuna kizuizi. ext4 humtambua mwenye faili kwa namba, na mtumiaji wa kwanza kwenye Ubuntu na Mint hupewa 1000. Ukiichomeka kwa rafiki ambaye naye ni 1000, mambo yanaenda. Ukiwa mtumiaji wa pili kwenye kompyuta ya familia, unaweza kuambiwa huna ruhusa ya kufungua mafaili yako mwenyewe. Amri ya `sudo chown` hulimaliza tatizo, ila lijue mapema. Jua pia kwamba ext4 hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi wa mfumo. Kwenye diski ya TB 1 hiyo ni karibu GB 50 zisizotumika, na kwa diski ya nje ya kuhifadhia mafaili tu hazina kazi. `sudo tune2fs -m 0` ikifuatwa na jina la patisheni (sehemu ya diski iliyogawanywa) huzirudisha.

Ninachokipendekeza kwa mwenye diski mbili ni hiki: kubwa ibaki nyumbani na ext4 kwa nakala rudufu, ndogo isafiri na NTFS. Mwenye diski moja mpya ya TB 2 anaweza kuigawa patisheni mbili kwa GParted, programu ya Linux ya kugawa diski, na kupata yote mawili. Azingatie tu kwamba diski ikianguka chini, patisheni zote mbili zinaanguka pamoja, kwa hiyo asihifadhi nakala ya patisheni moja ndani ya nyingine akadhani amejilinda.

Aliyehamia Mac

Hapa uamuzi ni mfupi. Ukichomeka diski yako ya NTFS, Mac itakuonyesha kila kitu na kukuruhusu kunakili kutoka kwenye diski, lakini haitakuruhusu kuongeza wala kufuta. Wengi hudhani diski imejifunga. Njia ni mbili: kununua programu ya kiendeshi cha NTFS, au kuhamisha data na kufomati kwa exFAT, ambayo Mac imeielewa tangu toleo la 10.6.5 la mwaka 2010. Kama diski itaendelea kwenda kwenye Windows, mimi nachagua exFAT, huku nikiwa mkali katika kuitoa kwa usalama kabla ya kuchomoa. Ndani ya Disk Utility, programu ya diski iliyomo kwenye Mac, chagua kwanza kuonyesha vifaa vyote, uifomati diski yenyewe na si patisheni iliyo chini yake, na kwenye mpango wa ugawaji uchague GUID.

Usifomati kwa APFS, mfumo wa mafaili wa Apple yenyewe, diski unayotaka kushirikiana na wengine. APFS ilianza kuja na Mac mwaka 2017, imebuniwa kwa SSD, na Windows haiisomi bila programu ya kununua. Nafasi yake ni diski ya Time Machine, programu ya Mac ya nakala rudufu, inayobaki mezani.

FAT32 na runinga

FAT32 ya mwaka 1996 inafunguka karibu kila mahali: redio ya gari, king'amuzi, mashine ya kuchapia, runinga ya zamani. Haibebi faili linalofika GB 4, na hiyo inatosha kuiondoa kwenye mashindano ya diski kubwa. Iweke kwenye flashi ndogo ya kazi hizo. Kwa runinga, usibahatishe: kitabu chake cha maelekezo hutaja mifumo inayosomeka. Runinga inayosoma NTFS isisome exFAT si jambo la kushangaza, na kwangu hiyo ni sababu nyingine ya kutokimbilia exFAT.

Ukiamua kubadilisha

Hakuna kitufe cha kugeuza NTFS kuwa exFAT au ext4 mafaili yakiwa ndani. Ni lazima utoe kila kitu, ufomati, urudishe kila kitu. Maana yake unahitaji diski ya pili yenye nafasi ya kutosha, hata ya kuazima. Usikubali fundi akwambie atafanya bila hiyo.

Panga na muda. Kupitia tundu la USB 2.0, kasi halisi ni kama MB 35 kwa sekunde, kwa hiyo TB 1 iliyojaa itachukua karibu saa 8 kwenda tu, na nyingine kama hizo kurudi. Tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi huwa na ulimi wa bluu ndani, hufikia kasi ya diski yenyewe. Kwa MB 100 kwa sekunde kazi hiyo hushuka hadi chini ya saa 3. Mafaili madogo mengi yatachelewesha zaidi. Ifanye siku ambayo umeme una uhakika, laptopu ikiwa imechomekwa kwenye chaji na kipengele cha kulala kimezimwa.

Ukimaliza kunakili, usifomati papo hapo. Linux huweza kuonyesha kazi imekwisha huku sehemu ya data ikiwa bado kwenye RAM, kwa hiyo andika `sync` kwenye terminali usubiri irudi. Kisha linganisha:

`rsync -rcnv /chanzo/ /nakala/`

Amri hiyo husoma maudhui ya pande zote mbili na kutaja faili lolote lililopungua au kutofautiana, bila kugusa kitu. Inachukua muda mrefu kwa sababu inasoma kila baiti. Ukiona haijataja faili hata moja, ndipo ufomati.

Na usishtuke na ukubwa. Diski iliyosomeka GB 931 kwenye Windows itasomeka karibu TB 1 kwenye Mac na kwenye programu nyingi za Linux. Windows hugawa kwa 1024, hizo nyingine hugawa kwa 1000. Hakuna GB 69 zilizokuwa zimefichwa, na ukirudi Windows hakuna zilizoibwa.